Barua ya wazi kwa waganga wapya, kutoka kwa mganga mstaafu

Wanangu matabibu na wauguzi mnaoanza kazi mwaka huu,

Marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini nimeshaitikia ili tusipoteze muda, maana nina hasira, na hasira ya mzee haikawii kugeuka usingizi.

Wiki tatu zilizopita mjukuu wa jirani yangu alishikwa na degedege usiku wa manane. Ana miaka mitatu. Mwili moto, macho yamegeukia juu, meno yameumana. Sikuwa na dawa wala bomba la sindano nyumbani, basi tukapanda bodaboda mbili mpaka zahanati. Tukamkuta kijana mwenye stashahada yake, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Nikamshukuru Mungu. Kijana akamtazama mtoto, akamvuta bibi yake pembeni, akamnong'oneza. Masikio yangu bado mazima. "Bibi, hii si ya hospitali. Kampelekeni kwanza akafukizwe, mkirudi ndipo nimchome sindano. Nikimchoma sasa atakufa."

Nilifoka mpaka nikaambiwa nisubiri nje. Angesema vile mganga wa ramli ningebishana naye, na bibi yule angenisikiliza, tunajuana miaka arobaini. Lakini alisema "daktari". Wakaondoka. Mtoto alirudishwa saa nne asubuhi hajitambui. Amepona, alhamdulillahi, ila mkono wa kushoto haumtii, na ukimwita hageuki upesi kama zamani.

Wanangu, imani ile ninaijua kuliko yule kijana. Nimezaliwa nayo hapa Muheza, Tanga. Dege, yule ndege-pepo, hupita usiku, akimpitia mtoto ndiyo basi, na tiba yake ni moshi wa kinyesi cha tembo na kuoshwa kwa mkojo, sindano mwiko. Mnadhani wazee walijitungia tu? Hapana, waliona. Mtoto aliyefikishwa hospitali roho iko kooni alichomwa sindano akafa. Watu wakaona sindano, wakaona maiti, wakaunganisha. Na degedege lenyewe mara nyingi hutulia baada ya dakika chache hata usipofanya lolote, kwa hiyo aliyekuwa amemshika mtoto lilipotulia ndiye aliyeondoka na sifa, na jogoo wake. Macho ya wazee hayakuwa na kasoro. Walichokosa ni daftari.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Vijana huniuliza kijiweni: babu, sayansi na mambo ya uganga vinaweza kukaa nyumba moja? Kichwani vinakaa, nimeviona. Johannes Kepler wa Ujerumani, aliyetuonyesha sayari zinavyolizunguka jua, alikuwa akiwapigia wakubwa ramli ya nyota. Lakini hesabu zake za Mars zilipopishana na vipimo vya mtazama nyota Tycho Brahe kwa kiasi kisichofika hata moja ya saba ya digrii, alizitupa, kazi ya miaka, akaanza upya. Mnipe mwaguzi mmoja tu aliyewahi kutupa ramli yake kwa kosa la moja ya saba ya digrii.

Miaka 31 nimejaza rejista. Safu ya mwisho kulia: amepona, amepewa rufaa, amefariki. Usiku mwingine mkono ulikataa kuandika neno lile la tatu, lakini niliandika. Kwa mtaalamu wa kibuyu sijapata kuiona safu hiyo. Dawa yake ikishindwa, mgonjwa alikula samaki aliyekatazwa. Au alivuka mto. Au kuna mkono wa mtu humo humo nyumbani, mwongeze mbuzi mweusi tumtafute. Kila kushindwa kumechongewa mlango wa kutokea, na nyuma ya mlango ule kuna ankara.

Sisi je? Klorokwini, dawa ya malaria, ugonjwa ambao huweza kuleta degedege, tuliiamini kama msahafu, tukaimeza mpaka mwili mzima ukawasha. Wagonjwa wakaanza kurudi na vimelea vilevile, tukaandika, na mwaka 2001 nchi ikaiacha ikachukua SP, vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini. SP nayo ikachoka, ikaachwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto. Na kwinini, sindano ya malaria kali na malkia wa sindano zote, mimi mwenyewe ningeapa kwa jina lake! Wakaja watafiti wakaishindanisha na artesunate, dawa nyingine ya malaria, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na watoto wa hapa Muheza na wa Korogwe wakiwemo. Matokeo yakatoka mwaka 2010. Waliopewa kwinini walikufa 297, waliopewa artesunate walikufa 230. Nilisoma tarakimu zile nikakaa kimya barazani mpaka magharibi, nikiwahesabu niliowachoma kwinini. Hakuna aliyetafuta mchawi wa kumsingizia. Artesunate ikawekwa mbele.

Msije mkasema mzee anadharau mitishamba. Artesunate hiyo asili yake ni pakanga. Tu Youyou wa China aliitafuta katika maandiko ya kale ya waganga wa kwao, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Maandiko yalisema jani liloweshwe kwenye maji na kukamuliwa, hayakusema lichemshwe, naye akang'amua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiua dawa. Alimfanyia mganga wa kale heshima ambayo sisi hatuwafanyii wa kwetu: alilipima neno lake. Sisi ama tunawacheka mchana ama tunawaendea usiku.

Lugha yetu nayo imetutega. Serikali ina Mganga Mkuu, na kwenye nguzo ya umeme pale stendi kuna bango la mganga anayerudisha mpenzi kwa saa 24. Jina moja. Mwananchi atatofautishaje, ikiwa ninyi mliovishwa koti mnampa rufaa ya kwenda kwenye nguzo?

Na wakubwa wetu wamenyamaza, maana ukifika uchaguzi wanajuana na waaguzi wao. Timu zetu zina "kamati ya ufundi", wote tunajua ufundi gani, na tunacheka. Kicheko hicho hicho kikivuka Usukumani kinageuka panga. Kikongwe amepikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yake yote, moshi umemfanya macho mekundu, basi ni mchawi. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu kuna aliyeambiwa mfupa wao unaleta dhahabu. Hata huyo Kepler, mama yake mzazi alifungwa miezi 14 kwa kusingiziwa uchawi, na mwanawe akaacha kazi zake akaenda kumtetea. Sheria ya uchawi tunayo tangu 1928. Sheria haijui kuandika safu ya mwisho.

Liko jambo moja ambalo rejista haitawasaidia, niliseme. Mama atawauliza: kwa nini mwanangu, na si wa jirani? Tunalala chumba kimoja, mbu ni walewale. Wazande wa Sudan Kusini walilipanga vizuri swali hili. Ghala likiangukia watu wanajua mchwa ndio waliokula nguzo; wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ileile fulani alipokuwa amekaa chini yake, na hapo ndipo wanapoutia uchawi. Msimjibu mama yule kwa jina la mtu, wala msimfokee kwamba ni mjinga. Mvutieni kiti. Mwambieni hamjui, kaeni naye. Mimi nilijifunza hilo nikiwa nimechelewa, na kuna wanawake wa hapa kijijini nilistahili kuwaomba radhi, wengine sasa ni marehemu.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Pimeni sukari. Diazepamu kwa njia ya haja kubwa degedege likigoma. Artesunate kwa uzito wa mtoto, na kama ni rufaa na hajafika miaka sita, ile ya haja kubwa kabla hajapanda gari. Hirizi shingoni iacheni, haizuii sindano kuingia. Bibi akitaka kusoma dua, asome huku mnafanya kazi.

Nimesikia baadaye habari za yule kijana. Mwezi wake wa kwanza kazini mtoto alimfia mkononi, muda mfupi baada ya sindano, na kijiji kikawa kinamtazama kwa jicho baya. Hakuwa na wa kumwambia. Nami niko nyumba ya nne kutoka zahanati, nimestaafu, kutwa barazani, na sikuwahi kwenda kumbisha hodi.

Mwanangu, ukisoma hapa unajijua. Njoo jioni yoyote, chai ipo. Njoo na rejista, tuufungue ukurasa ule pamoja, tuangalie mtoto yule alianza kuumwa siku gani, na kwako alifikishwa saa ngapi.