Jibu la mjukuu wangu lilikuwa sahihi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako zaidi ya miaka 20 bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ile habari yenu ya juma lililopita, ya kuzinduliwa kwa maabara mpya ya fizikia, na picha ya mgeni rasmi akikata utepe mbele ya mashine ambazo bado zimevikwa nailoni, imenitoa kwenye ukimya. Mmeandika kwamba sasa vijana wa shahada ya kwanza, wa fizikia na wa astrofizikia, yaani fizikia ya nyota, wataiva kiutafiti kwa kuwa vifaa vimefika. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya fizikia kwa miaka 31. Vifaa nimevipokea, nimevifungua, nimevifuta vumbi. Sijaona hata kimoja kilichomfundisha mtu kuandika ukweli wa alichokipima.

Mjukuu wangu yuko mwaka wa pili, anasoma fizikia katika chuo ambacho sitakitaja. Muhula uliopita walipewa zoezi linalojulikana na kila aliyesoma fizikia sekondari: ning'iniza gololi ya chuma kwenye uzi, iache ibembee, pima muda, kisha kokotoa g, yaani mchapuko (kasi inavyoongezeka kitu kinapoanguka) unaotokana na mvutano wa dunia. Wenzake walihesabu mibembeo 20 wakaondoka. Yeye akabaki. Alipima mita moja kutoka kwenye kibanio hadi katikati ya gololi, akahakikisha haibembei kwenda mbali, akahesabu mibembeo 100, akarudia mara kumi. Wastani ukawa sekunde 200.9. Kokotoa mwenyewe, Mhariri, utapata 9.78. Akaandika 9.78, na pembeni akaeleza kwamba huenda amekosea kwa 0.01 juu au chini. Daftari likarudi na mstari mwekundu juu ya ile 9.78, pembeni imeandikwa 9.81, alama 4 kati ya 10, na agizo la kurudia hesabu mpaka ije. Waliopeleka 9.81 walipata 9. Nilimuuliza hao walipimaje. Akaniambia, "Babu, walipika." Zoezi lililofuata lilikuwa la ukinzani wa waya, na huko hakwenda kupima kabisa. Aliazima ripoti ya mwaka jana, akanakili, akapata 9. Mtoto aliyesimama nusu siku akihesabu gololi tumemfundisha kwa juma moja tu kwamba kusimama kule kulikuwa ujinga.

Sasa nisikilizwe vizuri. 9.81 ni jibu la London na Paris. Dunia si mviringo kamili, imetuna kwenye Ikweta, tena inazunguka, kwa hiyo mvutano huku kwetu ni mdogo kidogo. Hakuna mji hata mmoja Tanzania unaofikia 9.81, na ukipanda Mbeya au Arusha unapungua zaidi. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alichukua saa ya pendulamu, yaani inayoendeshwa na uzito unaobembea kama ile gololi, kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta, akakuta inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku. Hakuambiwa arudie mpaka ije. Newton aliuchukua upungufu ule akautumia kueleza umbo la dunia. Mjukuu wangu aliukuta upungufu huohuo kwa uzi na saa ya mkononi, na akapigwa mstari mwekundu.

Na sisi tuna Erasto Mpemba. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu, aliouingiza kwenye friji ungali wa moto, umeganda kabla ya wa mwenzake. Alichekwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa akamuuliza Dk. Denis Osborne, aliyetoka Dar es Salaam kuja kutoa mhadhara, na Osborne aliporudi akamwagiza fundi wa maabara ajaribu kwa maji. Fundi akaripoti kuwa maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Osborne mwenyewe alilisimulia hilo katika makala waliyoichapisha pamoja mwaka 1969. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu maji yale, na wabishane, ndiyo kazi yao. Mimi linaloniuma ni neno la yule fundi, kwa sababu ni la mtu wa kazi yangu, na zaidi ya miaka 50 baadaye nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa anayesahihisha.

Kuna na hili. Nilipostaafu sikuletewa mtu wa kumkabidhi. Nilikabidhi funguo tu. Niliowaacha wananieleza kwamba makabati yamefungwa, kwa kuwa anayeyafungua ataulizwa kikiharibika kitu. Na karibu na vyuo, vibanda vya steshenari vinauza ripoti za mazoezi na za utafiti wa mwaka wa mwisho, unabadilisha jina la mbele. Hayo mbona hamyapigi picha?

Nasikia wanaosoma astrofizikia wanasingiziwa kwamba wamekwama kwa kukosa darubini. Chombo cha angani cha Gaia kilichorushwa na Wazungu mwaka 2013 kimepima nyota zipatazo bilioni 1.8, na vipimo vyake viko wazi, mtu anavipakua bure. Lakini kila kipimo kimeandikwa pamoja na kiasi kinachoweza kuwa kimekosewa, na kijana aliyezoeshwa kulifuta kosa lake ili apate alama atazifanyaje nyota hizo?

Ninachoomba kinawezekana kuanzia muhula ujao. Mazoezi ya mwaka wa kwanza yapunguzwe yawe manne kwa muhula, kila moja lipewe majuma matatu. Daftari la maabara liwe na kurasa zenye namba, liandikwe kwa kalamu ya wino, asifute mtu. Aliyekosea apige mstari mmoja ili kosa lisomeke. Nusu ya alama iende kwa vipimo vyenyewe jinsi vilivyotoka, na nusu kwa kumsimamisha mwanafunzi dakika kumi aitetee namba yake. Ripoti yoyote ya pendulamu yenye 9.81 irudishwe, mwenyewe aitwe aoneshe alipopima. Na wanaosahihisha walifanye zoezi hilo kwanza, kwa mikono yao, kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Aliyempa mjukuu wangu 4, kama anasoma gazeti hili, simchukii. Uzi bado nimeuning'iniza barazani kwangu, mita moja hadi katikati ya gololi. Aje Jumamosi yoyote na saa yake, tuhesabu pamoja mia moja.

Fundi sanifu mstaafu,
Morogoro