Kwako unayemuuguza mama

Mwandani wangu,

Salamu nyingi, na mama umpe zake hata kama hatakumbuka zimetoka kwa nani.

Juzi saa nane usiku uliniandikia, "Leo nimemchukia," kisha ukaufuta ujumbe. Niliuwahi. Sikutaka kukujibu kwa vile vikatuni vya kukumbatiana vya kwenye simu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Mama hukumchukia. Ulichokichukia ni kuulizwa tena, "Baba yenu amerudi?" huku mkono mmoja una beseni na wa pili una shuka lililolowa mkojo, nawe unajua ukimwambia ukweli ataangua kilio kama aliyepewa habari ya msiba sasa hivi. Nilikuona siku ile nilipokuja. Ulimjibu, "Bado mama, yuko njiani," ukamfunika miguu, ukaenda jikoni ukafungulia bomba, maji yakawa yanamwagika bure. Nilijua unalia. Sikukufuata, na bado naona nilifanya vyema. Mtu huhitaji pa kulia pasipo mtazamaji.

Unajua kinachokuumiza zaidi? Umeshafiwa, ila hakuna anayekupa pole. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, ameandika kwa miaka mingi juu ya huzuni hii ya kumpoteza mtu uliye naye chumba kimoja: mwili upo, mwenyewe ameondoka. Hazikwi mtu, hakukaliwi matanga, na wanaokupigia simu wanauliza tu, "Mgonjwa anaendeleaje?" Wewe hakuna anayekuuliza. Basi ukijikuta siku moja unatamani yote haya yaishe, usijione shetani. Karibu kila aliyeuguza muda mrefu limempitia wazo hilo, ila husemwa kwa kunong'ona, na tena kwa mtu mwenye siri.

Kile kidole ulichojiunguza na pasi, umesema hakiponi. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, waliwatia kijidonda cha milimita 3.5 mkononi wanawake waliokuwa wakiuguza jamaa zao waliopoteza kumbukumbu, na wengine wa rika lao wasiouguza mtu. Vidonda vya wale wauguzaji vilichelewa kupona kwa takriban siku 9. Kwa hiyo ukisema umechoka hadi kwenye ngozi, mimi nakuamini. Kidole kionyeshe kwa daktari, na ukiwa hapo mweleze pia kwamba hulali.

Ndugu zako wanaokutumia ushauri kwa simu ("mzoeze kutembea", "mbadilishie dawa") waachie zamu, si maelezo. Mmoja alipe mtu wa kusaidia kufua, mwingine aje akae naye wikiendi. Usiwaambie "mnisaidie", maana hilo humezwa hewani. Taja siku, taja saa. Wakinuna, wanune. Wewe ni mtoto wake kama wao, hukuzaliwa zamu ya usiku.

Tafuta pia wenzako wanaouguza, hata wawili tu. Mimi nitakusikiliza hadi kesho, lakini siwezi kucheka nawe kuhusu meno ya bandia yaliyokutwa ndani ya kiatu. Wao wataweza, na kicheko hicho utakihitaji.

Jambo moja nakuomba ulishike hata ukiyapuuza mengine yote. Siku utakapohisi mkono unataka kumpiga, hakikisha amekaa salama, toka chumbani, funga mlango, nipigie. Saa yoyote. Hata ukinyamaza tu kwenye simu nitajua ni wewe. Na ukianza kuona heri usingekuwapo duniani, hilo si la kusubiri Jumamosi wala la kumalizana na mimi peke yangu: niambie siku hiyo hiyo, twende wote kwa daktari.

Jumamosi nakuja mimi. Sikuulizi kama unanihitaji, maana utasema "tutaona". Nitafika kabla hajaamka, nitaondoka akishalala. Niandikie kwenye karatasi dawa zake na saa zake, ni nani asiitwe jina mbele yake, na ule wimbo anaotulia akiusikia. Akiniuliza baba amerudi, nitamwambia yuko njiani. Wewe utoke humo ndani. Usiende kununua vitu vya nyumba, usiende kulipa bili. Nenda kalale kwangu, ufunguo nitakupa mlangoni. Najua utapiga simu kila nusu saa. Piga, nitapokea.

Na tafadhali usifagie kwa ajili yangu.

Wako wa siku zote