Anzeni na tangi: barua ya wazi kwa vijana wanaounda nyambizi za mfano

Wanangu,

Naona mnahangaikia mota na rimoti, tangi la maji, linalofanya chombo kizame na kuibuka, mnaliacha la mwisho. Nawasihi mligeuze hilo, maana tangi limeshaua watu.

Itazameni nyambizi Hunley, ya majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Lilikuwa bomba la chuma la mita 12 hivi. Watu saba wakizungusha pangaboi kwa mikono, nahodha mbele. Tangi moja omo (mbele), jingine tezi (nyuma), kila moja na koki ya kuingiza maji ya bahari na pampu ya mkono ya kuyatoa. Ila kuta za matangi hazikufika juu darini. Tarehe 15 Oktoba 1863, bandarini Charleston, ilizama na watu wote 8, Horace Hunley mwenyewe, ambaye iliitwa kwa jina lake, akiwemo. Ilipoopolewa, koki ya omo ilikutwa wazi kabisa, spana yake imelala sakafuni. Tangi lilijaa, maji yakamwagika juu ya ukuta, chombo kikachomeka pua matopeni. Chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo) kulikuwa na vyuma vizito vya kudondoshwa wakati wa hatari kwa kufungua bolti kutoka ndani. Bolti zilikutwa zimeanza kuzungushwa, hazijafika mwisho.

Kwa hiyo tangi lenu lifunikwe juu, na uzito wa dharura uachiwe kwa kuvuta mara moja tu.

Tangi lililojaa nusu nalo ni hatari. Tieni maji kwenye sinia, inueni ukingo mmoja kidogo: yote yanahamia upande wa pili na kuzidi kuulemea. Nyambizi za mvuke za Msweden Nordenfelt, miaka ya 1880, ziliyumba hivyo hivyo. John Holland, mbunifu wa nyambizi, aliyajaza matangi makuu pomoni, chombo chake kikabaki chepesi kidogo kuliko maji, kikizamishwa na mabawa ya tezi kikiwa mwendoni. Jeshi la majini la Marekani lilikinunua mwaka 1900.

Basi jazeni tangi, toeni hewa yote, uzito wa madini ya risasi ukae chini kabisa. Sukumeni omo chini kwa kidole, kisha kiachieni chombo. Kikirudi sawa chenyewe, ndipo mtie mota. Kikibaki kimeinama, tafuteni kwanza hewa iliyobaki tangini, kisha shusheni risasi.