Mteja kwanza, mashine baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nichangie makala mliyochapa kuhusu vijana na biashara ya kukata nyasi. Mwandishi wenu aliandika kwa nia njema, na nilifurahi kuona shughuli yetu inatajwa gazetini kama kazi ya kuheshimika. Lakini ushauri wake kwamba kijana atafute mkopo, anunue mashine, kisha abandike matangazo na kusubiri simu, umenikosesha raha. Kazi hii ndiyo iliyonisomeshea wanangu. Humo humo nimeona mashine nyingi zikiuzwa kwa bei ya kutupa zikiwa bado zinang'aa, kwa sababu siku ya kulipa deni ilifika kabla ya wateja. Mpangilio sahihi ni mteja kwanza, mashine baadaye.

Ua wa kwanza unaweza kukatwa kwa fyekeo na reki. Wa pili pia. Ukishapata nyumba chache zinazokuita kila nyasi zinapoota, kodi mashine kwa siku, au shirikiana na mwenye mashine mgawane malipo. Faida ya kusubiri haiishii kwenye kukwepa deni. Wateja wenyewe ndio watakaokuonyesha mashine gani inakufaa. Kama wengi wana ukoka uliotandazwa kwenye uwanja tambarare, utahitaji mashine ya kusukuma yenye magurudumu. Kama wana miteremko, mitaro na magugu marefu, mashine ya kusukuma itakaa bure, maana hapo inatakiwa ile ya kuvaa begani. Anayenunua kabla ya kujua nyua za wateja wake anabahatisha kwa fedha za watu.

Sasa hao wateja wanapatikana wapi? Nimebandika matangazo kwenye nguzo na kwenye mbao za matangazo, na sikatai kwamba yapo yaliyoleta simu. Ila simu zenyewe zilitoka pande zote za mji, kila mmoja na mtaa wake, na nusu ya siku iliishia barabarani na mashine juu ya toroli. Hakuna mteja anayekulipa kwa muda wa kutembea. Biashara ilianza kukaa sawa nilipoamua kukaa mtaa mmoja mpaka unijue, ndipo nihamie wa pili. Mteja wako anayefuata, kwa kawaida, ni jirani wa huyu unayemkatia leo. Amesikia injini tangu asubuhi. Amechungulia juu ya ua. Akitoka getini anaona upande wa mwenzake umenyooka na wake umesimama kama kichaka.

Kwa hiyo nikimaliza kazi huwa sifungi vifaa mara moja. Nafagia njia ya mbele, hata ile sehemu isiyo ya mteja, nafuta vipande vya nyasi kwenye ngazi na kwenye mfereji, ndipo naenda kubisha hodi nyumba za kushoto na kulia na ile inayotazamana. Siendi kuomba kazi kwa maneno ya jumla. Natafuta jambo moja ninaloliona kwa macho na kulitaja: nyasi zimeziba mtaro wako, maji yatarudi ukutani, au, ukoka umeanza kupanda kwenye kijia chako, ukiachwa utainua vigae. Mtu akiona umeitazama nyumba yake kwa makini anakusikiliza. Akisema hapana, namshukuru na kumwachia namba. Akitaka kulinganisha, yule jirani niliyemkatia yuko pale pale, amuulize.

Hapo awali mlangoni nilikuwa nikiulizwa fundi mwenyewe yuko wapi, kwa kuwa mimi ni mwanamke. Sikujibu kwa maneno. Niliomba nikate kipande kidogo mbele ya geti, waone.

Wapo watu wengine ambao kijana anayeanza hapaswi kuwapita bila salamu. Mlinzi wa geti anajua nani hajaridhika na mkata nyasi wake. Dalali wa nyumba za kupanga anahitaji ua unaopendeza siku ya kuleta wapangaji, na nyumba tupu huota majani haraka kuliko mwenyewe anavyotarajia. Fundi bomba na fundi umeme wanaingia kwenye nyua ambazo wewe huwezi kuingia. Ukiwatendea vizuri na kuwapa kazi nao unapoiona, watakutaja. Picha pia zinasaidia: piga kabla na baada ya kukata, ukiwa umesimama mahali pale pale, uweke kwenye WhatsApp. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwanza, na namba ya nyumba isionekane.

Lakini kupata mteja ni sehemu ndogo ya kazi. Biashara inakua kwa mteja anayerudi, na hapa ndipo naona vijana wengi wanapoteza. Mteja anasema: kata mpaka chini kabisa, ili zikae muda mrefu. Kijana anatii, analipwa, anaondoka. Baada ya siku chache uwanja una mabaka ya udongo, jua linaukausha, mbegu za magugu zinapata mwanga, na magugu ndiyo yanayowahi kuota. Mteja anasema yule kijana aliniharibia. Hamwiti tena.

Nyasi hukua kutoka chini, karibu na udongo, na ndiyo maana unaweza kuzikata kila mara zikaendelea kuota. Chakula chake hata hivyo kinatengenezwa kwenye majani. Ukiondoa majani karibu yote kwa mkupuo, mizizi inadhoofika. Kanuni inayofuatwa na watunza bustani ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukitaka nyasi zibaki na sentimita 6, zikate zikifika 9. Nikikuta zimefika magotini siziteremshi siku hiyo hiyo. Nakata juu, naziacha zipumue, narudi baada ya siku kadhaa kuzishusha zaidi.

Vijana waitazame kanuni hii vizuri, maana ni ya bustani na ni ya mfukoni pia. Mteja akiielewa, anaona mwenyewe kwamba lazima urudi baada ya wiki moja au mbili, kutegemea nyasi zinavyokua. Humsihi. Mnakubaliana ratiba. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa akiita mkata nyasi pale tu wageni wanapokaribia kufika. Nilichuchumaa naye uwanjani nikamfunulia ukoka kwa vidole, nikamwonyesha vikonyo vilivyonyauka pale alipokuwa anakatiwa mpaka udongoni, na pembeni yake kile kipande chini ya mwembe ambacho hakuna aliyekifikia kwa mashine, kimesimama kijani. Alinyamaza, akaniuliza nirudi lini. Tangu hapo hajaniita kwa simu, kwa sababu siku yangu anaijua.

Jambo la pili linalomrudisha mteja ni kisu. Kisu butu hakikati, kinachana. Ncha za nyasi zinabaki na nyuzinyuzi, na baada ya siku moja au mbili uwanja mzima unageuka rangi ya kahawia hafifu kwa juu. Mteja hajui sababu, ila anaona kwamba ukikata wewe hapang'ai. Mimi nanoa mwenyewe. Kwanza nachomoa waya wa plagi, maana injini yenye waya ikigeuzwa kisu inaweza kuwaka, na vidole havirudi. Nainamisha mashine upande ambao chujio la hewa linabaki juu, ili oili isilowanishe chujio. Nafungua nati, nakishika kisu kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, napitisha tupa kwa kufuata mteremko ule ule wa kiwandani, kutoka ndani kwenda nje, upande mmoja kisha wa pili kwa idadi sawa. Halafu nakitundika katikati kwenye msumari ukutani. Upande unaoinama ndio mzito, narudi kuupunguza mpaka kikae mlalo. Kisu kisicho na uwiano kinatikisa mashine, kinachosha mikono na kuua beringi. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na haihitaji kulipa fundi.

Niliwahi kusoma kwamba mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilibuniwa mwaka 1830 na fundi wa Uingereza, Edwin Budding, baada ya kuona mtambo wa kiwanda cha nguo unaonyoa manyoya ya kitambaa yakae sawa. Napenda kuwasimulia hilo vijana ninaofanya nao kazi, kwa sababu tangu siku ya kwanza lengo lilikuwa mkato ulio sawa na safi. Kufyeka tulijua zamani.

Vipande vifupi vya nyasi naviacha uwanjani. Vinaoza upesi na kurudisha naitrojeni kwenye udongo, na mteja anaokoa gharama ya kutupa taka. Majani marefu yaliyolala mafungu mafungu ndiyo yanayozolewa, kwa sababu yanafunika nyasi zilizo chini zikaoza. Nyasi zikiwa zimelowa, nasubiri. Na kabla ya kuwasha, nazunguka ua wote kwa miguu kuokota mawe, waya, mifupa ya mbwa na vidoli vya watoto. Jiwe lililorushwa na kisu linaweza kuvunja kioo cha gari au kutoboa jicho. Buti, miwani ya kukinga macho na viziba masikio vinunuliwe kabla ya mashine. Mtu akipita karibu, zima.

Kuhusu bei, nawasihi vijana wasiitaje kwa simu. Nenda ukaone. Pima kwa hatua urefu na upana, angalia mteremko, miti ya kuzungukwa, kingo za kunyoosha kwa mkono, na mahali pa kupeleka taka. Mkato wa kwanza wa ua uliotelekezwa una bei yake, na matunzo ya kila mara yana bei nyingine iliyo chini zaidi. Mwambie mteja zote mbili siku hiyo hiyo, ili aone faida ya kukuweka kwenye ratiba. Ndani ya bei weka petroli, oili, plagi, kisu, nauli, ujira wako, na fungu la mashine, yaani akiba ya kuitengeneza. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Kila malipo yakiingia, fungu la mashine linatoka na kwenda kwenye akaunti ambayo siigusi. Wanaokata kwa bei ya chini sana hawanisumbui kwa ushindani wao. Wananisikitisha, kwa sababu injini ikikwama hawana cha kununulia kipuri, na wateja waliowazoea wanabaki bila mtu.

Zipo pia nyakati ambazo nyasi hulala, hazikui. Mimi na wateja wa ratiba tumekubaliana malipo ya mwezi yasiyobadilika, na nyasi zinapolala napunguza ua wa michongoma, napalilia, nasambaza samadi, naziba mapengo kwa kupanda vipande vya ukoka. Kwa hiyo mfuko wangu haukauki na bustani zao haziachwi.

Msaidizi nilimchukua pale nilipoanza kukataa kazi kwa kuzidiwa kwenye mitaa ambayo tayari ninaijua, wala si kabla ya hapo. Nilimpeleka kwa kila mteja nikamtambulisha kwa jina, tukakata pamoja mpaka mwenye nyumba akazoea kumfungulia geti bila mimi. Alilipwa siku aliyofanya kazi, mteja awe amenilipa au la. Wengine wanaogopa kwamba kijana atajifunza kisha aondoke na wateja. Wa kwangu mmoja ameondoka, ana mashine yake na mitaa yake, na kazi za upande ule nikipigiwa namwelekezea yeye.

Kilichobaki kinachoniuma ni hawa wateja wakubwa ambao makala yenu ilisema vijana wawakimbilie. Kuna taasisi moja, sitaitaja, iliyonikatisha nyasi msimu mzima na kunilipa msimu uliofuata, kwa vipande. Niliweza kusubiri kwa sababu nyumba za mitaani zilikuwa zinalipa kila mwezi. Kijana ambaye taasisi kama hiyo ndiyo mteja wake mkubwa angekuwa ameshauza mashine. Kwa hiyo namwomba mwandishi wenu, akirudi kwenye mada hii, aende na upande wa pili wa meza. Awaulize wanaosimamia malipo ya viwanja vya shule, hospitali na ofisi hati ya malipo ya mkata nyasi inakaa mezani kwa nani, na kwa muda gani, kabla ya kusainiwa. Majibu yao yachapwe pamoja na ushauri kwa vijana, kwenye ukurasa mmoja.

Wenu,
Mama mkata nyasi, msomaji wa siku nyingi