Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wote

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha kupanda miti kando ya kijito, wazee wetu, akina mama na vijana, nawasalimu.

Kazi za mwaka mnazijua. Kitalu kiliendelea, mvua ya kwanza tukapanda, ya pili tukaziba mapengo. Miche kama 1,400 imeingia kandokando ya kijito, miti ya musambya na musizi, vichaka vya kaliandra na mianzi, na nyasi za nepia mistari miwili upande wa shamba. Pesa iliyotoka ni kama shilingi 900,000, ya ada, akiba na miche tuliyouza. Daftari liko kwa mtunza hazina.

Sasa hii ya kalitunsi, yaani mikaratusi. Kuna watu bado wamekasirika kwamba kamati ilikataa kununua kalitunsi na ikaomba zile za karibu na maji zikatwe, nimesemwa sana, hadi eti mwenyekiti anataka kunyang'anya watu mashamba. Si kweli! Mita 30 za kulinda kando ya maji sio zangu, ziko kwenye kanuni za serikali ya Uganda za mwaka 2000 kwa mito midogo, na mikubwa kama Manafwa ni mita 100. Najua kalitunsi inaleta pesa ya nguzo, hata mimi nilikuwa nazo pale chini na zangu ndo zilikatwa za kwanza, lakini ule mti unakunywa maji sana na chini yake nyasi hazishiki vizuri, mvua ikipiga udongo unateremka wote mtoni. Nepia inapunguza mbio za maji, mizizi ya miti inashika kingo, na kaliandra unakatia ng'ombe na mbuzi, sasa hasara iko wapi? Mlioona mito ya Nabuyonga na Namatala ilivyofurika Mbale Julai 2022 mnanielewa.

Tena uamuzi ulipitishwa mkutanoni. Tuko 64, siku ile walikuja 19. Wanaolalamika leo hawakuwepo, na siku ya kupanda pia hawakuonekana, akina mama ndo walibeba miche wengine na watoto mgongoni. Inaniuma sana. Ada ni 20,000 kwa mwaka, waliomaliza ni 23 tu, tunadai zaidi ya laki nane, na boda ya kusafirisha miche nimelipa mwenyewe mara nyingi bila kudai hata shilingi.

Mwaka ujao Mungu akipenda tutapanda mpaka juu kwenye chemchemi, tupate njia moja ya kunyweshea ng'ombe wasikanyage miche, na labda mizinga ya nyuki tukipata wa kutusaidia. Wenye deni wamwone mtunza hazina kabla mvua haijaanza.

Mwenyekiti wenu