Mawaziri, pigianeni simu kabla ya kufunga mpaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mama mfanyabiashara, nakaa Tandika hapa Dar es Salaam. Tangawizi naichukua milimani Same, naipakia kwenye Fuso, inakwenda Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu, wilayani Kyela. Kampuni sina. Nina gari moja, dereva, utingo na mkopo.

Machi 2025 Malawi ilipiga marufuku kuingiza mazao kadhaa, yakiwemo mchele, mahindi, ndizi na tangawizi. Walikuwa na uhaba wa dola na walitaka kuwalinda wakulima wao, na kwa hilo siwabezi. Aprili, Hussein Bashe, wakati huo Waziri wetu wa Kilimo, alitoa onyo la siku chache kisha akazuia mazao ya Malawi pamoja na ya Afrika Kusini, ambayo kwa miaka ilikuwa imezikatalia ndizi zetu. Siku chache tu baadaye zuio letu likaondolewa ili mazungumzo yaendelee. Huku mtaani watu walishangilia kwamba tumewakomesha. Mimi nilibaki na swali: kama kuzungumza kuliwezekana baada ya kufunga, kabla ya kufunga kulishindikana nini?

Amri ya Malawi ilipotoka, gari langu lilikuwa limeshafika mpakani. Anayeijua Kyela masika hahitaji kuelezwa mvua yake. Turubai lilivuja kwenye pindo, magunia ya chini yakaanza kutoa joto. Tangawizi haiozi kwa kelele kama nyanya. Unapenyeza mkono katikati ya gunia, ukikuta vuguvugu ujue hasara imeshaingia. Kisha ngozi inalegea na ukungu unaanzia pale ilipokatwa. Dereva alikuwa akinitumia picha huku akipika ugali chini ya bodi. Ofisa mmoja, wa upande gani sisemi, kila akiulizwa alijibu, "Tunasubiri maelekezo." Vyeti vyetu vyote, cha afya ya mimea na cha uasili wa bidhaa, vilikuwa vimetolewa kabla ya marufuku. Mwishowe tuligeuza, tukauza Mbeya kwa bei ya kutupa. Mkopo uko palepale.

Tanzania na Malawi zote zilikuwepo Lusaka Aprili 1980 ilipozaliwa SADCC, umoja wa nchi za kusini mwa Afrika ambao sasa unaitwa SADC, na tangu 2008 SADC ina eneo huru la biashara. Kila mwaka marais wanakutana, wanapiga picha ya pamoja (suti hazijawahi kukosa pasi), na sisi tunasoma maazimio. Kisha barua moja ya wizara inafuta yote hayo kwa mtu mwenye Fuso.

Watu wakizungumzia viongozi wenye msimamo humtaja Mwalimu Nyerere na Kaunda wa Zambia. Na mimi nawataja. Ian Smith, kiongozi wa walowezi wazungu, alipojitangazia uhuru wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) mwaka 1965, njia ya Zambia kwenda baharini kupitia kusini ikawa ya mashaka. Benki ya Dunia haikuiona faida ya reli ya kuja Dar. Wazee hawa hawakurudi nyuma: bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola, Zambia, mwaka 1968, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China. Iliwagharimu, na hawakubadilika kila walipokasirishwa. Tena sisemi zamani ilikuwa pepo. Mwalimu huyohuyo na majirani zake waliiacha Jumuiya ya Afrika Mashariki ife mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Waliolia wakati ule walikuwa wa aina yangu.

Ndiyo maana sikushangilia tulipolipiza. Kulipiza kisasi hakuhitaji msimamo, hata watoto wa uswahilini wanakuweza. Msimamo ungekuwa waziri wetu kusimama na kusema: sisi Tanzania, gari lolote lenye vyeti vilivyotolewa kabla ya amri yetu litapita, na zao tunalotaka kulizuia tutalitangazia tarehe mapema ili watu wasipakie. Tuanze sisi, Lilongwe na Pretoria wafuate au wasifuate. Bandari ya Dar inapitisha mizigo ya majirani kwa sababu wanaamini haitawageuka, na imani hiyo tunaila kila siku kuanzia Kurasini hadi Tunduma.

Habari za mpaka kwa sasa tunazipata kwenye magrupu ya WhatsApp ya madereva, na nusu yake ni uzushi. Wizara ya Viwanda na Biashara, kama ipo namba ambayo mfanyabiashara anaweza kupiga usiku kabla hajapakia akajibiwa mpaka ukoje, naomba mwitangaze kwenye gazeti hilihili.

Mama Tangawizi,
Tandika, Dar es Salaam