Shoga, nakujia na shida ya hati

Majengo, Mombasa

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na watoto wabusu. Najua nimekunyamazia tangu Idi, utanigombeza tukionana. Leo naandika mbio.

Bila shaka umeshasikia kwa Mama Swaleh, yule habari hailali kwake. Ndugu yangu Abdalla ameshikwa na unga wa kulevya, vipakiti mfukoni, na shtaka alilosomewa ni la ulanguzi. Amekana. Upande wa mashtaka ukapinga dhamana, eti atatoroka. Wakili akasimama na Katiba, kifungu cha 49: dhamana ni haki yake ila pakiwa na sababu nzito za kumnyima. Hakimu akataka kwanza ripoti ya afisa wa probesheni. Bibi huyo alikuja mpaka nyumbani, akahoji majirani, akamuuliza mama kama Abdalla ana makao ya kudumu. Mama akamjibu, "Huyu? Namfukuza kila siku, haendi!" Nilitamani ardhi ipasuke, kumbe ndilo jibu lililomfaa.

Sasa amepewa bondi ya sh. 500,000 na mdhamini mmoja, au sh. 200,000 taslimu. Laki mbili tuzitoe wapi? Mchango umekwama njiani. Hati ya nyumba hii bado ina jina la marehemu babu, na mirathi... tuyaache hayo.

Ndipo nikakukumbuka na shamba lako la Matuga, umdhamini kwa hati yake. Haliuzwi wala halibadilishwi jina. Hati inapekuliwa ofisi ya ardhi, shamba linakadiriwa thamani, kisha hati inakaa kortini mpaka kesi iishe. Utasimama mbele ya hakimu na kitambulisho, uulizwe wamjuaje mshtakiwa. Sikufichi: akiruka dhamana, wewe ndiye utakayeitwa ueleze kwa nini usilipe hizo laki tano. Ndiyo maana sikupiga simu. Nataka ulifikirie bila kunisikia nikilia.

Wakili asema twaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba masharti yapunguzwe, lakini hapo rumande inarefuka, na Abdalla ana arosto, mwili unaudai unga. Nilimwona akitetemeka na jua lote hili.

Ile hati ni ya jina lako peke yako, au na la shemeji? Haijawekwa benki? Shemeji atakubali, ama nije niseme naye mwenyewe? Na kama haiwezekani, utaniambia wazi, sivyo? Wamjua mwingine mwenye logibuku safi, yaani hati ya gari lisilo na mkopo?

Kesi inatajwa Alhamisi.

Shoga yako wa Majengo